Ukiifuta pesa, hesabu inabaki

Kila inapotokea teknolojia mpya, hazikosi sauti za kutangaza kwamba pesa imefika mwisho wa safari yake. Mara nyingi kinachozungumziwa ni noti na sarafu tu. Kulipa kwa simu si kuishi bila pesa; ni kuishi na pesa isiyoshikika. Deni ni lile lile, riba ni ile ile, na asiye na salio hanunui. Swali zito ni jingine: je, jamii kubwa, yenye viwanda, hospitali na mitambo ya umeme, inaweza kuzalisha na kugawana bila bei wala malipo ya aina yoyote?

Msimamo wa makala hii ni kwamba pesa kama chombo cha malipo inaweza kuondolewa katika maeneo mengi kuliko wachumi wengi wanavyokubali. Lakini pesa kama hesabu ya uhaba haiondoki. Ukiifukuza, hurudi imevaa kanzu nyingine, ikiitwa pointi, saa, hisa au kadi ya mgao. Anayepanga uchumi usio na pesa anapaswa kuanza na hesabu hiyo, na ni hapo ambapo majaribio mengi yalikwama.

Tuiweke kando kwanza biashara ya mali kwa mali. Penye bidhaa 1,000 na pesa, unahitaji bei 1,000. Penye bidhaa hizo hizo bila pesa, kila bidhaa inahitaji kiwango chake cha kubadilishwa na kila nyingine, na viwango vinafika 499,500. Tena lazima umpate mwenye unachotaka, naye awe anataka ulicho nacho, siku hiyo hiyo. Mwanaanthropolojia Caroline Humphrey aliandika mwaka 1985 kwamba hakuna uchumi wowote uliowahi kuelezwa na watafiti ukiwa unaendeshwa kwa mali kwa mali peke yake. Watu wanaojuana walipeana, wakadaiana na kukumbukana. Kubadilishana papo kwa papo kulikuwa zaidi kwa wageni. Kwa hiyo mjadala wa maana unahusu uchumi wa mipango na mgao, si wa mbuzi kwa gunia la nafaka.

Mfano wenye nguvu zaidi kwa watetezi wa wazo hili ni dola ya Inka, iliyotawala sehemu kubwa ya Andes hadi Wahispania walipofika miaka ya 1530. Haikuwa na sarafu. Serikali ilitoza siku za kazi badala ya kodi ya pesa: kulima mashamba ya dola, kujenga barabara, kufuma nguo, kwenda vitani. Mazao yaliingia maghalani, na mji wa Huánuco Pampa pekee ulikuwa na maghala karibu 500. Makarani waliweka kumbukumbu kwa mafundo ya kamba zilizoitwa khipu: watu wangapi, siku ngapi, magunia mangapi.

Mfumo ule ulifanya kazi kwa sababu bidhaa kuu zilikuwa chache na karibu zote zilitoka kwenye mambo mawili, ardhi na nguvu za watu. Karani hakuwa na haja ya kuamua kama kilo ya shaba iende kwenye waya wa umeme au kwenye bomba la friji. Na tusisahau kwamba hesabu ilikuwepo, tena kali. Kilichokosekana ni sarafu.

Urusi ilijaribu ikiwa tayari na viwanda. Kati ya 1918 na 1921, katika kipindi kinachoitwa ukomunisti wa kivita, serikali ilichukua ziada ya nafaka kwa wakulima na kugawa chakula kwa kadi, huku ikichapisha noti kwa kasi hadi zikapoteza thamani. Baadhi ya wanamapinduzi waliona kifo hicho cha noti kuwa habari njema. Mwishoni mwa 1920 na mwanzoni mwa 1921 zilitoka amri za kufuta malipo ya posta, kodi za nyumba na bei ya mgao wa chakula. Wachumi walikuwa mezani wakibuni kipimo mbadala kiitwacho tred, yaani kiasi fulani cha kazi ya kawaida, ili hesabu za viwanda ziandikwe kwa kazi badala ya rubo. Kipimo hicho hakikuwahi kutumika. Mkulima aliyejua kwamba ziada yake itachukuliwa alipanda kiasi cha kujilisha tu, miji ikakosa chakula, na Machi 1921 sera ikageuzwa. Mwaka uliofuata ilitolewa noti mpya, chervonets, iliyofungamanishwa na dhahabu.

Kambodia ilikwenda mbali zaidi. Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti, walipoingia mji mkuu Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975 walifuta pesa, masoko na mishahara. Jengo la benki kuu likalipuliwa. Si haki kuyabebesha mauaji ya utawala ule suala la pesa peke yake, kwani ukatili ulikuwa na mizizi mingine. Lakini mgao wao wa mpunga unafundisha kitu. Mpango wa taifa ulidai tani 3 kwa hekta. Makada wa mikoa, wakihofia maisha yao, waliripoti mavuno yasiyokuwepo. Makao makuu yalichukua fungu lake kwa kufuata ripoti, si kwa kufuata ghala. Tofauti kati ya karatasi na ghala ndiyo iliyokuwa njaa ya mwanakijiji. Chini chini watu walianza kupimiana thamani kwa kopo la maziwa lililojaa mchele: dawa ni makopo kadhaa, nguo ni makopo kadhaa. Pesa ya taifa ilirudi Machi 1980, baada ya utawala huo kuanguka.

Hapa mtetezi wa mipango atasema kwamba wale hawakuwa na kompyuta. Hoja hiyo inastahili jibu la namba.

Mwaka 1920 mchumi wa Austria Ludwig von Mises, akipinga mawazo kama ya Otto Neurath aliyetaka uchumi uhesabiwe kwa vitu vyenyewe, alidai kwamba bila bei hakuna njia ya kujua kama matumizi fulani ya chuma au mashine ni bora kuliko mengine. Mwaka 1939 mwanahisabati wa Leningrad, Leonid Kantorovich, alionyesha kwamba njia ipo. Aliletewa tatizo la kiwanda cha mbao za tabaka: mbao za aina mbalimbali, mashine zenye kasi tofauti, zigawanywe vipi ili mazao yawe mengi kadiri iwezekanavyo? Akaunda hesabu ya kupata mgawanyo bora moja kwa moja, bila soko. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

Tuijaribu hesabu hiyo kwa udogo. Kiwanda kina kilo 120 za chuma na saa 100 za mashine. Pampu moja inakula kilo 4 na saa 2. Plau moja inakula kilo 2 na saa 3. Ofisi ya mipango imesema pampu ina umuhimu wa pointi 5 na plau pointi 4. Ukitengeneza pampu tupu, chuma kinaisha ukiwa na pampu 30, pointi 150. Ukitengeneza plau tupu, saa zinaisha ukiwa na plau 33, pointi 132. Mgawanyo bora ni pampu 20 na plau 20: chuma chote kimetumika, saa zote zimetumika, pointi 180. Hakuna bei iliyotumika popote.

Sasa ongeza kilo moja ya chuma, ziwe 121, kisha tafuta mgawanyo bora upya, ukiruhusu hata sehemu ya pampu au ya plau. Jibu linapanda hadi 180.875. Ongeza saa moja ya mashine badala yake, linafika 180.75. Maana yake, katika kiwanda hiki kilo ya chuma ina thamani ya pointi 0.875 na saa ya mashine pointi 0.75. Kiwanda jirani kikiwa kinaweza kupata pointi 1.2 kwa kila kilo, chuma kihamishiwe huko. Namba hizi zilitoka ndani ya hesabu yenyewe, bila mfanyabiashara wala soko. Kantorovich mwanzoni aliziita vizidishio. Ni bei. Hesabu iliyoanza bila bei imezizaa, kwa sababu ndizo lugha pekee inayoviwezesha viwanda viwili kulinganisha uhaba wao bila kila kimoja kuijua shughuli nzima ya mwenzake.

Kompyuta za leo zinatatua hesabu za aina hii zenye mamilioni ya vigezo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kikwazo ni ukubwa wa hesabu. Vikwazo ni viwili vingine.

Cha kwanza ni zile pointi 5 na 4. Nani alizipanga? Kwa bidhaa mbili kamati inatosha. Kwa bidhaa milioni, zenye saizi, rangi na ubora tofauti, huwezi kupiga kura. Ukiwauliza watumiaji wanataka nini bila kuwawekea kikomo, kila mmoja atajibu kwamba lake ni la dharura. Ukiwawekea kikomo, kila mtu apewe pointi 100 azigawe apendavyo, umewapa bajeti. Bajeti hiyo isiyoitwa pesa itafanya kazi ya pesa.

Cha pili ni data. Hesabu inaamini kwamba pampu inahitaji kilo 4. Meneja anayejua kwamba mgao wa mwakani unategemea ripoti yake ataandika kilo 5, ajiwekee akiba. Katika Umoja wa Kisovieti hili lilikuwa jambo la kila siku: viwanda vilificha chuma, vikaomba wafanyakazi kuliko walivyohitajika, na vikaajiri watu maalumu wa kuzunguka wakitafuta vipuri kwa njia za pembeni. Mpango ulipopimwa kwa tani, zilitoka bati nene kuliko zilivyohitajika. Ulipopimwa kwa mita za mraba, kioo kikawa chembamba hadi kikavunjika njiani. Kompyuta haimtibu mtu anayedanganya. Inafikisha uongo wake makao makuu kwa kasi zaidi.

Hata hivyo yapo maeneo ambako pesa imeondoka kweli na kazi inaendelea. Tuanze na figo. Karibu kila nchi inakataza kuuza figo, Iran ikiwa mfano unaojulikana wa kinyume. Mke anataka kumpa mumewe figo, makundi ya damu yanakataa. Jozi nyingine ina tatizo hilo hilo kwa upande wa pili. Mpango wa kubadilishana, uliobuniwa na mchumi Alvin Roth na wenzake na kuanza kufanya kazi New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, katikati ya miaka ya 2000, unakusanya taarifa za jozi zote, unalinganisha makundi ya damu na kingamwili, kisha unatafuta mizunguko. Jozi mbili zinahitaji vyumba 4 vya upasuaji kwa wakati mmoja. Jozi tatu, vyumba 6. Upasuaji unafanywa sambamba kwa sababu hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu kutoa figo baada ya mwenzi wake kupona. Kukiwa na mtoaji anayejitolea bila kumtaja mgonjwa, mnyororo unaweza kwenda hatua kwa hatua, maana kila jozi inapokea kabla ya kutoa. Mnyororo ukikatika, jozi inayofuata haijapoteza mtoaji wake.

Mambo matatu yanaubeba mfumo huu: kitu kimoja kinabadilishwa na kitu kile kile, hakuna anayeweza kulimbikiza, na hakuna anayehitaji figo tatu. Ondoa hata moja kati ya hayo na utahitaji kipimo.

Benki za chakula za Marekani, yaani maghala ya hisani yanayogawa chakula kwa maskini, ziliondoa la kwanza. Shirika la kitaifa, ambalo sasa linaitwa Feeding America, lilikuwa likipokea malori ya chakula cha msaada na kukigawia benki zaidi ya 200 za mikoa kwa foleni. Aliye mbele ya foleni alipigiwa simu, apokee au akatae. Kilo ya viazi na kilo ya nafaka za kifungua kinywa zilihesabiwa sawa. Benki iliyokuwa imejaa viazi kutoka kwa wakulima wa jirani ilitumiwa viazi vingine, na ile yenye wafadhili wachache ilipata kile kile ilichopata tajiri.

Mwaka 2005, kwa msaada wa wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, foleni ilifutwa ikaletwa pesa bandia iliyoitwa hisa. Hisa hazinunui kitu nje ya mfumo. Kila benki inapata kiasi kulingana na idadi ya maskini inaowahudumia. Mara mbili kwa siku inaweka zabuni ya siri kwa malori yaliyopo; anayetaja kiwango cha juu anachukua. Hisa zilizotumika hazichomwi, zinagawanywa upya kwa wote siku hiyo hiyo, hivyo jumla haikauki. Benki ndogo zinaweza kukopa au kuungana kununua lori moja. Bei inaweza kushuka chini ya sifuri, yaani unalipwa hisa kwa kukubali shehena isiyotakiwa na mtu. Na benki yenye ziada inaweza kuiweka mnadani ipate hisa.

Wapo waendesha benki hizo waliouogopa mfumo huo, wakihofia kwamba soko litawameza wanyonge. Kilichotokea ni kwamba benki zenye wafadhili wengi ziliacha kugombea mazao mabichi na kusubiri vyakula adimu, huku zenye uhitaji zikichukua kilo nyingi kwa hisa chache. Watu wa hisani, wasiotafuta faida, wanaogawa chakula cha bure, waligundua kwamba bila kipimo wanapoteza chakula. Sijaona ushahidi mzuri zaidi ya huu katika mjadala mzima.

Lakini kipimo kikirudi, kinakuja na magonjwa yake. Miaka ya 1970 wazazi wa eneo la Capitol Hill, Washington, walikuwa na ushirika wa kuleleana watoto kwa kuponi, kila kuponi nusu saa. Wengi walianza kuziweka akiba ili wawe na za kutosha siku ya dharura. Kwa kuwa kuponi ya mmoja kutumika ndiyo kazi ya mwingine kupatikana, wote walibaki nyumbani: walezi tele, hakuna wa kulelewa. Tiba ikawa kutoa kuponi zaidi, na zilipozidi, tatizo likageuka, watu wakawa wanataka kutoka na walezi hakuna. Mdororo na mfumuko wa bei, katika klabu ya wazazi.

Wanaochagua saa ya kazi kuwa kipimo wanakutana na tatizo jingine. Robert Owen, mwenye viwanda na mwanamageuzi wa Uingereza, alifungua London mwaka 1832 soko la kubadilishana kwa noti za kazi. Mthamini alijumlisha gharama ya malighafi na kazi kwa pensi 6 kwa saa, kisha akaigeuza jumla kuwa saa. Angalia ulipofichwa mzizi: kipimo kilichotaka kuikimbia pesa kilikokotolewa kwa pensi. Vitu vilivyopewa saa chache kuliko bei ya mtaani viliondoka upesi, mara nyingi kwa wafanyabiashara wa nje. Vilivyopewa saa nyingi vilibaki rafuni. Kufikia 1834 soko lilikuwa limefungwa.

Kwa hiyo anayebuni pointi aandike mapema: nani anazitoa na kwa kigezo gani, kama zinaisha muda, na baada ya siku ngapi, kama zinaweza kuhamishwa kwa mtu mwingine, zilizotumika zinakwenda wapi, na nani anabadilisha idadi ya pointi kwa kila bidhaa ghala linapojaa au kukauka. Uingereza, ilipoanzisha mgao wa pointi kwa vyakula vya makopo Desemba 1941, ilifanya hili la mwisho kwa makini: wizara iliangalia kinacholala madukani na kinachogombewa, ikapandisha na kushusha pointi. Kadi iliwapa wote kianzio sawa, namba zikafanya kazi ya bei. Ila pesa nayo ilihitajika juu ya pointi.

Huduma za bure kabisa ni rahisi zaidi pale mtu hawezi kujilimbikizia. Luxembourg ilifuta nauli za usafiri wa umma tarehe 1 Machi 2020. Nauli zilikuwa zikifidia sehemu ndogo tu ya gharama, na kuzikusanya nako kunagharimu mashine, wakaguzi na kesi. Hakuna anayepanda basi mara 40 kwa siku kwa sababu ni bure. Maji ya bomba ni habari nyingine: bila mita, bomba linalovuja halimuumizi anayelimiliki.

Programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, zinatajwa sana kama kionjo cha kesho, na ni kweli kwamba nakala ya pili ya programu haigharimu karibu chochote. Kazi ya kuitunza inagharimu. Mwaka 2014 ilipogunduliwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilijulikana kwamba ilikuwa na mtu mmoja tu wa kudumu na michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kujitolea huleta wingi wa kazi zinazovutia. Kusoma upya msimbo wa zamani, mstari kwa mstari, hakuvutii.

Roboti na akili bandia zitapunguza uhaba wa kazi, labda sana. Hazitaongeza viwanja vinavyotazama bahari, wala kufanya megawati moja iendeshe tanuru mbili kwa wakati mmoja. Kazi ikiwa bure kabisa, nishati, madini na mahali vitakuwa ndiyo gharama nzima, na mahitaji yake yatapanda kwa sababu roboti hazichoki kujenga.

Kuna uhaba mmoja ambao watetezi huusahau karibu kila mara, nao ni wa wakati. Bwawa la umeme linameza saruji kwa miaka mingi kabla ya kuwasha taa, kisha linaendeshwa kwa gharama ndogo kwa miongo. Mtambo wa makaa unajengwa upesi na kula makaa milele. Kuchagua kunahitaji namba inayosema saruji ya leo ni sawa na makaa mangapi ya baadaye. Itikadi ya Kisovieti haikuwaruhusu wahandisi kutumia riba, hivyo wakabuni kipindi cha marejesho: gharama ya ziada ya ujenzi irudishwe na akiba ya uendeshaji ndani ya miaka kadhaa iliyowekwa. Miaka 10 ikigeuzwa, yaani 1 kugawanya kwa 10, ni riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Na kwa kuwa miaka ilitofautiana kati ya sekta, saruji ile ile ilitozwa riba tofauti kutegemea wizara iliyoiomba.